Ndege Yetu Ilikataliwa Mara Saba

Mtu aliyenikataa mara nyingi zaidi maishani mwangu sijawahi kumwona uso. Alikaa ng'ambo, sijui nchi gani, mbele ya kompyuta, na kazi yake ilikuwa kuangalia picha za ndege, zile za injini, na kusema hii ipite, hii isipite. Hakuwa hata analipwa. Hilo ndilo linaniuma mpaka leo. Mtu akikutesa kwa mshahara unamwelewa, ana watoto. Huyu alinitesa kwa kupenda kwake, bure, pengine akiwa amevaa soksi.

Nimeshauriwa nisitaje majina katika maandishi haya. Sawa. Lakini kazi zao nitazitaja, na kona wanazokaa, na mwenye kujijua atajijua.

Mwaka wa 2007 nilikuwa na miaka arobaini na mbili, elimu ya darasa la sita, na kamera. Niliishi Karagita, kando ya Ziwa Naivasha, chumba kimoja cha mabati karibu na choo cha plot, yaani ua wetu wa kupanga, na nilikuwa mpiga picha. Kamera yenyewe ilikuwa ya digital, niliachiwa na meneja mmoja wa shamba la maua alipokuwa anarudi kwao. Jumapili wafanyakazi wa maua walivaa nguo zao za kanisani na kunipangia foleni. Kazi yangu ilikuwa na aina tatu tu: pasipoti, hafu na full. Pasipoti ni kichwa. Hafu unakata kiunoni. Full unaonyesha mpaka viatu, hasa kama viatu ni vipya. Na aina zote tatu zilikuwa na sheria moja ambayo sikuwahi kufundishwa kwa sababu kila mtu huzaliwa nayo: picha lazima iwe na mtu. Kwetu picha isiyo na mtu ni picha ya hasara. Ni nyumba iliyoungua, gari lililogongwa, ng'ombe aliyekufa na unataka chifu aamini.

Hiyo sheria ndiyo iliyonitia taabani.

Upande wa ziwa kulikuwa na kiwanja cha ndege ndogo, zile za kuleta watalii na matajiri. Pale mwisho wa kiwanja palikuwa na hanga ya mabati, banda la kulazia ndege, na ndani ya hanga alikuwapo fundi, Kalasinga wa miaka sabini na kitu. Kalasinga ndivyo tulivyowaita Wahindi wa kilemba, na yeye mwenyewe alijiita hivyo. Kilemba chake kilikuwa cha rangi ya maziwa na kila mara kilikuwa kisafi kuliko kitu kingine chochote katika ile hanga. Alizaliwa Nakuru, babake alikuwa fundi wa reli. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka.

Aliniita siku moja ya Agosti nikipita na kamera shingoni.

"Wewe napiga picha?"

"Ndiyo kazi, mzee."

"Ndege naweza?"

"Mzee, mimi nimepiga maharusi wa kila aina. Ndege itanishinda nini? Hata haipepesi macho."

Akanionyesha ndege yake. Ilikuwa ndogo, ya injini moja, nyeupe na mstari wa bluu. Alikuwa ameokota ndege mbili zilizoanguka, moja upande wa Narok na nyingine sijui wapi, akazifungua, akazichanganya, akatoa moja inayoruka. Ilimchukua miaka kumi na moja. Sasa bintiye wa ng'ambo alikuwa amemwita akakae naye, na ndege ilikuwa imepata mnunuzi wa nchi jirani. Rubani wa huyo mnunuzi angekuja mwanzo wa mwaka kuichukua, na ikifika huko ingepakwa rangi nyingine na kupewa herufi nyingine za usajili mkiani.

"Itakuwa ndege ya watu ingine," akasema. "Kama mtoto nabadilishwa jina."

Halafu akanionyesha karatasi alizochapisha saiba, kwenye duka la intaneti. Kulikuwa na tovuti ya wapenzi wa ndege, dunia nzima, ambako watu hutuma picha na kila ndege ina ukurasa wake kwa herufi zake. Alikuwa mwanachama wa miaka mingi, wa kuangalia tu. Kila ndege aliyowahi kushika spana juu yake ilikuwa mle. Ila hii moja. Hii hakuna mtu aliyewahi kuipiga picha ikapita.

"Mimi nataka hii naingia," akasema, "na herufi yake, kabla haijaenda. Basi. Mimi nikikaa kwa binti yangu, kazi nimemaliza, nafungua kompyuta, naona."

Hakutaka kitu kingine. Na mikono yake haikuweza kushika kamera ikatulia. Nikamwambia mzee, kufika Ijumaa itakuwa imeingia.

Ijumaa nilienda nimejipanga. Jirani yangu wa plot alikuwa mchagua maua katika shamba moja kubwa. Kazi yake ilikuwa kusimama kwenye chumba cha baridi na kutazama waridi moja moja: shina refu huku, shina fupi kule, na lile lenye shingo iliyopinda au jani la manjano analitupa. Hayo ya kutupwa tuliyaita rijekti. Karagita nzima ilikuwa imepambwa kwa rijekti, mpaka choo. Alinipa mafungu manne. Nikayafunga kwenye pangaboi ya ndege, nikampanga Kalasinga katikati, mkewe kando yake, walinzi wa kiwanja kushoto, wakata nyasi kulia, na mbele nikaketisha dada mmoja wa kuuza chai aliyekuwa anapita tu lakini amevaa vizuri. Picha ilikuwa safi. Mpaka leo naisifu.

Tulienda saiba ya mjini Naivasha, ya Mhindi mwingine, huyu mfanyabiashara asiyependa mtu aguse kioo, tukaituma. Ikakaa foleni siku nne. Jibu lilipokuja Kalasinga alilisoma kwa Kiingereza, halafu akavua miwani.

"Nasema ndege imezibwa."

"Imezibwa na nini?"

"Na mimi. Na mke yangu. Na hii kijiji yote wewe naleta."

Hivyo ndivyo nilivyowafahamu wachujaji. Niliwaita hivyo kwa sababu ya chujio la chai, linalozuia majani na kujiona ndilo limepika. Walikuwa wengi, lakini sisi kila mara tuliangukia mmoja yule yule, maana aliweka alama yake chini ya jibu.

Mara ya pili nilitoa watu. Iliniuma lakini nilitoa. Nikafikiri, kama ni mteja asiyetaka full, anataka hafu. Nikapiga pua, pangaboi, vioo, nikakata baada ya bawa, pale ambapo ndege ingekuwa na kiuno. Ikakataliwa.

"Mkia iko wapi?" Kalasinga akaniuliza pale saiba.

"Hiyo ni hafu, mzee."

"Herufi iko mkia! Sisi natafuta herufi! Wewe naweka pasipoti ya mtu, nakata kichwa?"

Mara ya tatu sikukosa mimi, na hapa nataja mkosaji. Ni fundi wa studio pale mjini, mlango wa kijani, kando ya kinyozi, bado yupo na amenenepa. Nilimpelekea picha safi ya ndege nzima, nikamwambia aing'arishe kidogo, vile tulivyowang'arisha watu. Aliing'arisha. Aliondoa mbingu yetu akaweka yenye mawingu ya pinki, na chini ya magurudumu akaweka maporomoko ya maji na bata wawili weupe. Nilikubali nikaipeleka, sikatai. Kwa macho yangu ya wakati ule ilikuwa maendeleo.

Jibu la mchujaji lilikuwa refu siku hiyo. Alisema picha imechezewa, na kwamba mwenye akaunti akirudia mchezo huo mara moja tu, akaunti itafungwa milele. Akaunti ilikuwa ya Kalasinga.

Hakunifokea. Alifunga miwani yake kwenye kitambaa, akatoka, akapanda baiskeli ya boda akaniacha na Mhindi wa saiba.

"Boss," yule Mhindi akaniambia akiangalia kioo, "bata wanaangalia upande moja. Mimi ningekataa hiyo pia."

Kwa wiki mbili sikwenda kiwanjani. Nililalamika plot nzima mpaka jirani yangu mchagua maua akachoka. Alikuwa anafua.

"Wewe unalia nini? Mimi natupa maua kutwa. Unajua mangapi yamenirudia kuuliza sababu?"

"Lakini huyu hajui ndege ile imetoka wapi! Hajui miaka kumi na moja!"

"Na mimi najua waridi limetoka wapi? Naangalia shina. Shina limepinda, nje. Wewe hata una bahati, umeandikiwa kosa. Ua haliandikiwi." Akakamua shuka. "Nenda ukanyooshe shina, jirani. Kelele utapiga baadaye."

Nikarudi kwa Kalasinga na maneno yake. Alinisikiliza, akanipa chai, na kazi ikaanza kuwa kazi.

Mara ya nne ndege ilikuwa nzima, pekee yake, mbingu ni yetu, bata hakuna. Ikakataliwa kwa sababu imeinama. Mchujaji alisema picha nzima imelalia kushoto. Sikuamini. Nilimwazima fundi wa mawe pima-maji yake, ile mbao yenye kidude cha maji na povu la kuonyesha kama ukuta umenyooka, nikaenda nayo saiba nikaiweka juu ya kioo cha kompyuta.

"Boss, hiyo ni kompyuta," akasema Mhindi. "Si ukuta."

"Nyamaza kidogo, povu litulie."

Povu lilisema mchujaji ana haki. Lakini Kalasinga alipoona akapiga meza. Kiwanja chenyewe kimeinama! Kila rubani wa huko anajua, unatua ukipanda na kuruka ukishuka. Mimi nilikuwa nimenyoosha kamera kwa kufuata ardhi, na ardhi ya Bonde la Ufa haikunyooka tangu Mungu alipoipasua.

Tovuti ilikuwa na kisanduku cha kukata rufaa. Tukaamua kukata. Na hapa mimi na yule mzee tulifanya kosa ambalo sidhani mzungu angelifanya hata akilewa.

Huwezi kuandikia mtu usiyemjua ukaanza na shida yako. Lazima umsalimu. Nilisema kwa Kiswahili, Kalasinga akaandika kwa Kiingereza, na yeye pia amelelewa, akaongeza zake. Tulimtakia afya. Tukauliza mkewe na watoto, kama anao, na wazazi wake, kama wangali hai. Tukamwambia sisi huku ni wazima ila mvua imechelewa. Tukauliza yeye mvua vipi. Nikasema tuulize ng'ombe. Kalasinga akaandika ng'ombe. Halafu akabonyeza, na kompyuta ikakataa. Akabonyeza tena.

"Imejaa," akasema.

"Nini imejaa?"

"Sanduku. Herufi imeisha."

"Na bado hatujasema!"

"Sisi nafuta ng'ombe."

Tukafuta ng'ombe tukapata nafasi ya maneno machache, akaandika: bonde ndilo limeinama. Hata nukta haikutosha.

Jibu lilikuja baada ya siku tatu. Rufaa imekataliwa, na hiyo kwa hesabu yao ni kukataliwa kwa tano. Lakini chini kulikuwa na mstari mmoja zaidi: familia haijambo, asanteni, mvua huku ni nyingi mno. Kalasinga alicheka mpaka kilemba kikahama. Mimi sikucheka. Nilifikiri, kama umesoma salamu ukaelewa, basi hata shida yetu uliiona pale na ukaipita.

Desemba nikanyoosha kwa kufuata maji ya ziwa, ambayo hayana ujanja. Mara ya sita. Ikakataliwa kwa sababu ya doa jeusi juu kulia. Nikasema ni korongo anaruka mbali. Kalasinga akaomba kuona picha zangu nyingine. Tukafungua za harusi: korongo yupo. Za ubatizo: korongo yupo ndani ya kanisa. Bwana harusi mmoja wa Kamere alikuwa na chunusi kwenye paji la uso isiyokuwa yake, na nilikuwa nimeshamkabidhi albamu.

"Korongo yako napenda sana ibada," akasema Kalasinga.

Ilikuwa vumbi, ndani ya kamera. Akaifungua kwenye meza yake ya kazi, juu ya kitambaa cheupe, na nikaona jambo ambalo sikulitegemea: akishika kifaa chembamba cha kazi, mikono ilitulia tuli, kama ya kijana. Akaitoa ile chembe kwa unywele wa brashi. Alipoweka brashi chini, mikono ikaanza tena.

Tungepiga ya saba baada ya Krismasi. Lakini baada ya Krismasi kulikuja uchaguzi, na baada ya uchaguzi sina haja ya kumweleza Mkenya.

Kwetu moto, wa majirani kufukuzana kwa makabila, ulifika mwisho wa Januari. Asubuhi, jua limetoka, watu wameshakunywa chai. Walioingia chumbani kwangu walikuwa watatu. Mmoja niliwahi kumpiga picha za kitambulisho na akanishukuru kwa mikono miwili. Mwingine anauza makaa mpaka leo, kona ya bomba la maji, na ukipita anakuuliza habari ya siku nyingi. Wa tatu aliimba sauti ya nne katika kwaya na pengine bado anaimba. Walibeba kitanda, printa, jiko, na lile pazia langu la kupigia picha lenye mlima na maua. Kisha wakachoma. Mimi nilikuwa nyuma ya choo, natazama kupitia tundu la bati, kamera shingoni. Watu huniuliza kwa nini sikuwapiga picha. Wanaouliza hivyo hawajawahi kujificha nyuma ya choo.

Nilikimbilia kiwanjani kwa kuwa sikuwa na mahali pengine nilipojulikana. Sikuwa wa kwanza. Kalasinga alikuwa amefungua mlango mkubwa wa hanga na watu walikuwa wameingia, familia baada ya familia, na magodoro na masufuria na kuku. Walilala chini ya mabawa. Jirani yangu mchagua maua alifika jioni ile, na kiatu kimoja, na hakuuliza mtu ruhusa. Alitandika leso chini ya injini.

Siku ya tatu au ya nne, mchana, nilipiga ndege ilivyokuwa. Nguo zilianikwa kwenye bawa. Kulikuwa na bibi mmoja amekaa juu ya gunia, ameegemea gurudumu, anapepeta mchele. Sikupanga mtu. Yule Mhindi wa saiba alikuwa amefungua mlango nusu. Nilipita kwa kuinama nikaituma. Ilikuwa imenyooka, haina doa, mkia upo, herufi zinasomeka. Nilijua nimeweza.

Mara ya saba. Nilirudi baada ya siku nne kusoma sababu: vitu vya kuvuruga nyuma na mbele ya ndege.

"Vitu!" nikamwambia Mhindi. "Ameita watu vitu!"

"Hajui, boss."

"Si aangalie!"

"Anaangalia ndege," akasema, na mara hiyo hakunikataza kugusa kioo.

Niliporudi Kalasinga alikuwa na habari. Barabara imefunguka kidogo na rubani wa mnunuzi angekuja Alhamisi. Ilikuwa Jumatatu. Foleni ya wachujaji ilikuwa siku tatu, nne. Maana yake ilikuwa kupiga siku ile ile, kabla jua halijahama, picha moja isiyo na kosa lolote. Aliniambia hivyo kwa sauti ya chini halafu akatazama watu wake waliojaa hangani. Hangeweza kuwaomba watoke. Alikuwa mwenye nyumba.

Kwa hiyo niliomba mimi. Nilisimama juu ya debe nikasema jamani, samahani, tunataka tusukume ndege nje, na kila mtu atoe vitu vyake vilivyo upande wa mlango, na atoke machoni, nyuma ya hanga, kwa dakika kumi.

Jirani yangu akasema kutoka chini ya injini:

"Ati nini? Nyumbani tumekataliwa. Sasa hata ndege inatukataa?"

Watu wakacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tufike nasikia kicheko mle. Mzee mmoja akasema, "Mpiga picha amekuwa serikali!" na mwingine akajibu, "Afadhali serikali, hiyo hutuma karatasi ya kuhama kwanza."

"Ni ya mzee," nikawaambia. "Ndege inaenda Alhamisi. Anataka picha yake iingie kwa kompyuta. Tumekataliwa mara saba."

"Mara saba?" akasema jirani. Akainuka, akajifunga leso kiunoni. "Kumbe ni kazi yangu hii. Ngojeni niwachague."

Akaanza. Alipita katikati ya watu, amekunja uso kama yuko mbele ya meza yake ya baridi, akawachomoa mmoja mmoja kwa kidole.

"Wewe, shingo imepinda, nje. Wewe mathe, jani la manjano, nje. Huyu shina fupi. Huyu amechanua sana, hafiki Ulaya, nje. Mzee, wewe una miiba, nje haraka!"

Walitoka wakicheka na kusukumana, wamebeba magodoro kichwani, hata yule bibi na mchele wake. Wanaume wakabaki kusukuma ndege mpaka mahali nilipotaka, halafu nao wakakimbia nyuma ya hanga. Mimi nikaweka jicho kwenye kamera. Kulikuwa na sufuria mbali, nyuma ya gurudumu. Nikapaza sauti: sufuria, toa! Kulikuwa na mguu wa mtu unaonekana kwenye kona ya ukuta. Mguu, ficha! Nikasikia sauti yangu ilivyokuwa. Ilikuwa sauti ya mtu anayejua anachokitaka na asiyejali ni cha nani. Sikuipenda, na sikunyamaza. Nikapiga.

Nilimtaja fundi wa studio, nikawataja wale watatu, kwa hiyo na mimi nijitaje. Picha ile ni safi kwa sababu niliwaondoa watu waliokuwa hawana pengine pa kwenda, na niliwaondoa vizuri sana.

Alhamisi rubani alikuja mapema, kijana mwenye miwani myeusi, ana haraka ya kuikwepa mvua. Picha nilikuwa nimeituma Jumatatu ile ile na jibu lilikuwa halijafika, na ikikataliwa hapangekuwa na ndege ya kupiga tena. Kalasinga alimkaribisha, akampa chai, kisha akasema injini haimridhishi. Akafungua kifuniko. Akatoa plagi akaitazama dhidi ya jua, akairudisha, akatoa nyingine.

"Mzee, jana kwa simu ulisema iko sawa," rubani akasema.

"Jana ilikuwa jana. Silinda ya tatu naleta ujinga."

Mimi nilikuwa juu ya baiskeli ya boda naelekea mjini, na yule dereva nilimchapa mgongo njia nzima kama punda. Mhindi wa saiba alikuwa amefungua mlango wote siku hiyo. Aliponiona akaniwashia mashine yake mwenyewe, ya kaunta.

Kiingereza changu ni kidogo, lakini neno la kukataliwa nililijua kwa umbo, vile unavyomjua mtu kwa mwendo kabla hajafika. Neno lililokuwa pale lilikuwa na mwendo mwingine. Nikamwambia Mhindi alisome. Akalisoma. Nikamwambia alisome tena, akalisoma polepole, akiweka kidole kwenye kioo.

Nilipofika kiwanjani Kalasinga alikuwa ametandaza nusu ya injini kwenye kitambaa na rubani alikuwa anazunguka ndege akipiga simu. Watu wa hangani wote walikuwa wamesimama wanatazama, maana walijua kuliko yeye kilichokuwa kinangojewa.

Mbele ya mgeni niliitikia kwa kichwa tu.

"Mkia iko?" Kalasinga akauliza.

"Iko."

"Herufi?"

"Zote, mzee. Ukurasa wake."

Akageuka akaanza kurudisha plagi, moja moja, bila haraka, mikono imetulia. Alipofunga kifuniko akamwambia rubani silinda ya tatu imepona. Rubani alimwangalia, akaangalia watu waliokuwa wanapiga makofi bila sababu, akapanda.

Ndege ilipoondoka ikishuka na kiwanja, Kalasinga hakuitazama. Aliinamisha kichwa akaisikiliza, mpaka mimi nilipoacha kuisikia, na yeye akabaki hapo bado anasikia.

"Na sisi tumeonekana?" jirani akaniuliza.

"Hapana."

"Hata mguu?"

"Hata mguu."

"Umechagua vizuri," akasema. Sikujua kama ananisifu. Mpaka leo sijui.

Hanga ilikuwa na nafasi kubwa sasa katikati, na watu walikuwa wameshaanza kuigombania, magodoro yanaburutwa. Nilipochukua sehemu yangu zilizo bora zilikuwa zimekwisha. Nilibakiwa na pale injini ilipokuwa imesimama miaka yote, sakafu nyeusi kwa mafuta.

"Jirani, hapo pana mafuta," akaniambia, ameshajipatia pakavu.

"Nimeona."

Kalasinga akaja na ndoo ya unga wa mbao. Akaumwaga juu ya mafuta, akaukanyagakanyaga kwa viatu vyake mpaka ukashika, akainama akaugusa kwa kiganja.

"Sasa wewe nalala," akasema, na akaenda kutafuta ufagio.